Draisuti inavuja mkononi au shingoni? Soma hapa kabla hujaagiza sili mpya

Watu wakisikia draisuti, ile suti ya mbizi isiyoingiza maji, hapa Tanga wanacheka, wanasema bahari ya moto hivi suti ya baridi ya nini, na kweli mtu anayeenda kuangalia matumbawe kule Yambe au Karange hana haja nayo, fulana na kaptula zinamtosha. Ila sisi wapiga mbizi tunaoingia majini kwa kazi, gatini, chini ya matumbo ya meli, kwenye maji yenye dizeli na tope linaloletwa na mito wakati wa masika, hiyo suti hatuivai kwa ajili ya baridi, tunaivaa ili ngozi isikutane na yale maji. Na nasema "wapiga mbizi" kusudi, maana kwetu Ngamiani ukijiita mzamiaji watu wanaanza kukuuliza ulizamia meli gani na ulishukia Durban au Cape Town.

Mi nilianza kurekebisha suti yangu kwa shida tu, kwasababu sili ya shingo, ile kola ya mpira inayobana ngozi ili maji yasiingie, ikichanika hapa hamna duka la kukimbilia, unaagiza nje, unasubiri, alafu unapigiwa simu ya ushuru. Baadae wenzangu wakaanza kuniletea za kwao nyumbani, na kwa suti zote nilizozishika nimegundua jambo moja: sili nyingi hazifi majini, zinafia nchi kavu, kwenye buti la gari, kwenye stoo ya mabati, kwenye kamba ya nguo saa saba mchana. Na nyingine zinaletwa kwangu kama maiti kumbe nzima kabisa, ni mwenye suti tu hajui maji yameingilia wapi.

Umelowa, sawa, lakini umelowa wapi?

Hapa ndo pagumu kwetu kuliko kwa wenzetu wa Norway au Uingereza. Wao wakilowa ndani wanajua imevuja. Sisi maji yetu wakati wa kusi yako kama nyuzi 25, kaskazi ikikolea yanafika 29 mpaka 30, ukishafunga zipu juu ya boti saa nne asubuhi unatoka jasho kama umekaa kwenye tanuru la chokaa, unashuka, unafanya kazi saa nzima, unapanda umelowa chapachapa, unalaumu sili. Na usijaribu kulamba ili ujue ni jasho au bahari, vyote vina chumvi.

Angalia njia ya maji. Jasho linalowesha mgongo, kwapa, kifua na mapaja, pande zote sawasawa, na halikusanyiki kwenye soksi hadi ukikanyaga linalia chwachwa. Maji ya kuvuja yana mahali yanapoanzia na mahali yanapoelekea. Kwa hiyo siku unayotaka kujua ukweli vaa ndani fulana ya kijivu ya mikono mirefu na suruali ya kijivu, ile rangi ikilowa inakuwa nyeusi na mipaka yake inaonekana vizuri. Ukipanda vua haraka kabla haijasambaa, ukiweza piga picha na simu.

Ukikuta kifundo cha mkono kimelowa na maji yamepanda kuelekea kwenye kiwiko, hiyo ni sili ya mkono. Kola ya mbele imelowa na maji yameshuka hadi kitovuni, sili ya shingo. Pale katikati ya kifua penye ukubwa wa kisahani tu, angalia valvu ya kuingizia hewa. Mstari kando ya zipu, ni zipu. Mguu mmoja tu, tafuta tundu kwenye buti au mshono wa pajani. Ila mkono wa kushoto una mtego wake na nitauelezea mbele kwasababu umekula hela za watu wengi.

Ukiwa hauna uhakika, ipime nyumbani. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita zilizojaa na kufungwa vizibo, ingiza moja kila sili ya mkono. Shingoni weka kopo la maziwa ya unga lile kubwa, lizungushie selotepu mdomoni kusiwe na ukali. Funga zipu, funga valvu ya kutolea hewa mpaka mwisho, jaza hewa hadi suti isimame kama mtu, usizidishe ukaja kunilaumu. Alafu povu la sabuni na brashi ya kupakia rangi, pole pole, kila mshono, kila ringi inayoshika sili. Mahali panapotoa mapovu zungushia kalamu. Watoto wa mtaani watajaa kuangalia, hilo huwezi kulizuia.

Mkono unavuja ukishika kitu, ukiuachia hauvuji

Hii ndo naiona kuliko zote. Kunja ngumi sasa hivi uangalie upande wa ndani wa kifundo chako, utaona kano mbili zimesimama kama kamba na katikati yake pamebaki mfereji. Ukishika spana, kamba au brashi ya kusugulia meli ule mfereji unafunguka chini ya sili na maji yanapita humo. Wembamba tunaumia zaidi, wanene wana bahati yao kwa hili.

Usikimbilie kununua sili ya kubana zaidi. Kwanza ivute ipande juu, mbali na kifundo, pale ambapo mkono umeanza kuwa wa mviringo, hata vidole vitatu tu juu ya mfupa vinaleta tofauti. Hakikisha imelala flati, haijajikunja ukingoni. Na uangalie kama mkono wa fulana ya ndani haujaingia chini yake, maana uzi mmoja wa pamba ukivuka chini ya sili unanyonya maji kama utambi wa koroboi, unaweza kulowa hadi begani kwa uzi mmoja. Saa, bangili, shanga za mkononi, vyote vitoke kabla hujavaa, vinavuja na vinachana.

Ikishindikana kabisa hapo ndo ufikirie sili yenye koni ndefu zaidi au ya silikoni, ambayo ni laini na inaufuata mkono vizuri kuliko lateksi nene, yaani ule mpira wa kawaida.

Shingo inavuja ukigeuza kichwa

Mambo ni yaleyale, misuli miwili ya pembeni ya shingo inasimama ukigeuka na inaacha bonde. Ila shingoni kuna ndevu. Siku tatu bila kunyoa na sili inakaa juu ya vijiti vidogo vidogo, maji yanapita katikati yao. Wenye ndevu ndefu washushe sili chini ya ndevu, wenye nywele ndefu au mitindo ya kusuka wahakikishe hakuna hata unywele mmoja wa kisogoni uliobanwa.

Kama sili yako ya shingo ni ya neoprini, ile ya sponji, lazima ukingo wake ukunjwe kuelekea ndani ili hewa ya kwenye suti iusukume ulalie shingo. Wengi wanaiacha imesimama kama kola ya shati alafu wanashangaa. Ya lateksi na silikoni zenyewe zinalala flati kwenda juu, hazikunjwi.

Kizunguzungu, kichwa kizito, macho yanaingia giza

Hapa acha kila kitu. Sili ya shingo inayobana sana si ya kuvumilia eti itazoea. Pembeni mwa shingo, pale unapogusa mapigo, kuna sehemu ya mshipa inayopima presha ya damu, ikibanwa inaudanganya mwili kwamba presha imepanda, mwili unaujibu moyo upunguze mwendo, na mtu anaweza kuzimia akiwa amesimama juu ya boti, sasa fikiria akiwa chini. Mimi ilinikuta na suti mpya ya lateksi, nilikuwa nimekaa tu kwenye ukingo wa boti nasubiri zamu, nikaona bandari nzima inageuka rangi, mwenzangu akaingiza vidole akaivuta sili ikaachia shingo, nikarudi. Hata majini sikuwa nimefika.

Lateksi inapunguzwa kwa mkasi, na ina mistari kwa ajili hiyo. Ivalishe juu ya lile kopo ili ivutike kidogo, tumia mkasi mkubwa mkali, kata mstari mmoja kwa wakati, mkato mmoja mrefu usiokatika katikati, kwasababu kila mahali mkasi uliposimama ukaanza tena panabaki kijino, na hapo ndo mpasuko utaanzia siku moja. Ukishakata ivae dakika kumi nyumbani ukizungumza na kugeuza kichwa. Bado inabana, kata mstari mwingine. Ukishapitiliza huwezi kurudisha, kwa hiyo usikate mistari mitatu kwa hasira. Neoprini yenyewe usiikate, ivalishe juu ya kitu cha mviringo ulale nayo usiku, itaachia. Silikoni inategemea aliyeitengeneza, zipo zenye mistari ya kukata na zipo zinazokuja kwa saizi, angalia kabla hujachukua mkasi.

Sili inanata, inanuka, imekuwa kama ulimbo

Hii ni lateksi iliyokutana na mafuta au joto, mara nyingi vyote viwili. Na hapa nawasema watu wa pwani wenzangu: mafuta ya nazi! Mtu anaoga asubuhi, anajipaka nazi shingoni na mikononi anameremeta, alafu anavaa sili ya lateksi juu yake. Vaselini ni hivyohivyo, losheni ya jua hivyohivyo, dizeli ya gatini ndo usiseme. Lateksi ni utomvu wa mti, mafuta yanaingia ndani yake, inavimba, inalegea, inaanza kunata vidole. Ikishafika hapo hairudi, hata uioshe na nini.

Siku ya kazi usijipake kitu kuanzia kifundo hadi katikati ya mkono, na shingo yote. Ukitaka kuvaa kwa urahisi tumia maji yenye sabuni kidogo, au poda ya talki isiyo na manukato. Poda za watoto nyingi zina marashi na marashi yana mafuta, nusa kwanza. Ukipanda osha sili kwa maji baridi na sabuni laini, ndani na nje, suuza mpaka utelezi uishe, kausha kivulini, paka poda. Najua maji ya bandarini yanatia kinyaa na mkono unaenda wenyewe kwenye Jiki, lakini klorini nayo inaula mpira. Kama lazima uue vijidudu tumia dawa ambayo mwenye kiwanda cha suti ameiruhusu, kwa kipimo chake, alafu suuza tena.

Ikiwa sili hainati ila ukiivuta inaonyesha nyufa nyembamba kama udongo wa mbuga, hiyo ni jua na ozoni. Ozoni inatoka palipo na cheche za umeme, mashine za kuchomelea, mota za brashi, na karakana nyingi za kazi zetu zina vyote hivyo na ndani ya karakana hiyohiyo ndo suti inatundikwa. Itoe humo. Na kama kuna madoa ya kahawia yanayosambaa, tafuta shaba. Ndoano ya shaba, klipu ya shaba, ile regiuleta (kifaa cha kupumulia) uliyoilaza juu ya suti ndani ya begi. Shaba inaozesha lateksi taratibu, na doa likishaonekana ujue kazi imeshaanza zamani.

Mahali pazuri pa kuweka ni chumbani, penye giza, chini ya kitanda hata, ndani ya begi lisilobana, sili zimenyooka hazijakunjwa. Mke wangu alilalamika mwaka wa kwanza. Alipoona bei ya sili mpya akanyamaza.

Lateksi, silikoni au neoprini?

Nikiulizwa kwa mazingira ya Tanga, silikoni ya kufunga kwa ringi, na nina sababu. Silikoni haijali jua wala ozoni kama lateksi, jasho na mafuta ya mwili haviitishi sana, haimsumbui mwenye aleji ya lateksi (wapo, ukiona mikono inavimba na kuwasha kila baada ya kazi usiseme ni maji machafu tu), na ni laini shingoni. Ubaya wake ni kwamba ikipata mkwaruzo mdogo inachanika yote kwa mara moja, kriii, kama karatasi. Kucha ndefu ndo adui namba moja. Lateksi ina ushupavu zaidi kwenye kuvutwa, ukiitoboa unaweza kuiziba, silikoni huzibi, hakuna gundi ya kawaida inayoishika, solushani ya fundi baiskeli inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba.

Na hiyo ndo sababu silikoni lazima iende na ringi. Gundi haiishiki kwenye suti kwa hiyo inabanwa kati ya ringi mbili za plastiki, moja ngumu inabaki kwenye suti, nyingine inasukumwa kwa ndani. Zipo za SI Tech ya Sweden, DUI ya Marekani wana ZipSeal zao zisizotumia ringi ngumu, wengine wana za kwao, na tatizo kubwa la mnunuzi ni kudhani zinaingiliana. Nyingi haziingiliani. Kabla hujaagiza sili soma jina lililoandikwa kwenye ringi yako, pima kipenyo, piga picha, tuma kwa muuzaji. Ukiagiza, agiza mbili za mkono na moja ya shingo za akiba, maana faida yote ya ringi ni kubadilisha juu ya boti ndani ya dakika chache, sasa kama akiba huna umenunua ringi ya nini.

Lateksi ya kugundisha bado ina heshima yake kwa mwenye bajeti ndogo. Ikitoboka mbali na gati, kiraka cha baiskeli na solushani vinaweza kukumalizia siku, siku moja, usifanye ndo ndoa. Neoprini inadumu na ni ngumu kuichana, ila inakauka taratibu sana kwa unyevu wetu, na kwenye maji machafu ile sponji inabaki na uchafu ndani. Kwa kazi ya bandarini mi siitaki.

Nimebadilisha sili ya ringi, sasa inavuja kwenye ringi

Mchanga. Au unywele, au poda uliyomwaga nyingi ikaganda kwenye mfereji. Toa sili, futa mfereji kwa kitambaa chenye unyevu, pitisha kidole mzunguko mzima macho yamefumbwa, kidole kinaona zaidi. Rudisha kwa maji ya sabuni ili sili iteleze na kukaa yenyewe, usiilazimishe kwa bisibisi, nimeona mtu kaitoboa sili mpya kabisa hivyo. Ukimaliza angalia kwa ndani kama hakuna mkunjo, mkunjo mmoja wa milimita unatosha kuingiza kikombe. Na kama ringi imepinda kwasababu suti ilikaa kwenye buti la gari juani na mtungi umeilalia, hapo hamna dawa, ringi mpya.

Glovu kavu: mikono inabanwa mpaka inauma

Twende kwenye glovu kavu sasa, yaani zile zisizoingiza maji. Ukifunga glovu juu ya suti ile hewa iliyomo ndani ya glovu imefungiwa peke yake. Ukishuka inasinyaa. Mita 10 inabaki nusu, gatini kwetu baada ya kuchimbwa kina kimefika mita 13, huko inabaki chini ya nusu, na ngozi ya mkono inanyonywa kuingia kwenye mikunjo ya glovu. Ukitoka una mistari myekundu kama umechapwa.

Dawa ni kuipa hewa ya suti njia ya kuingia kwenye glovu. Weka kipande cha mpira laini mwembamba, au uzi mnene wa sufu, urefu wa kama kidole cha kati, kikae chini ya sili ya mkono, nusu ndani ya suti nusu ndani ya glovu. Ukishuka unanyoosha mikono juu kidogo, unasikia hewa imeingia, maumivu yanakata. Katani usitumie, najua ni Tanga na katani ni yetu, ila inakwaruza sili na mkono vilevile.

Sasa ujue umefanya biashara gani hapo. Kile kipande kinafungua sili, kwa hiyo glovu ikitoboka maji hayaishii mkononi, yanaingia kwenye suti. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanaondoa sili ya mkono kabisa wanasema glovu inatosha. Kwenye maji safi ni uamuzi wako, ila chini ya meli, penye vile vikombe vidogo vikali vinavyoota ubavuni, glovu inachanika bila kukuaga, alafu una mkono uliojaa maji, hewa ya suti inatokea kwenye kidole na uchafu wote umeshaingia. Mi naacha sili, naweka uzi, nikifika chini na mikono ikatulia nauvuta uzi kuelekea upande wa glovu ili sili ijifunge. Kuna aina za ringi zenye njia ya hewa iliyojengewa kabisa, zinasaidia lakini jambo la glovu kutoboka linabaki palepale.

Ukiona kinyume chake, glovu zimejaa hewa kama maputo huwezi hata kushika nati, hewa imepanda mikononi kwasababu umenyanyua mikono au umejaza suti kupita kiasi. Shusha mikono, toa hewa kwa valvu, na wakati wa kupanda usipande mikono ikiwa juu.

Glovu zina maji ila sijaona tundu

Jaza glovu maji, kamua kama unakamua ng'ombe, tundu litajionyesha, mara nyingi ncha ya kidole gumba au cha shahada. Hamna tundu? Basi ni oringi. Ile oringi, pete nyembamba ya mpira kwenye ringi ya glovu, ikiwa na punje ya mchanga, ikiwa kavu, au imekatika kidogo, inapitisha. Itoe kwa kitu kisicho na ncha, ifute, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, rudisha. Ila soma kwanza: kama oringi yenyewe imetengenezwa kwa silikoni, grisi ya silikoni itaivimbisha, hapo tumia inayokubalika na mwenye kiwanda. Na mikono yenye grisi isiguse sehemu ya suti unayotarajia kuigundisha siku nyingine, gundi haitashika hapo tena.

Ya kununua? Kwa dizeli na mafuta chagua PVC au nitraili, glovu za lateksi zitavimba. Ndani yake valia soksi za mkono nyembamba za pamba, za sufu nene waachie wa Ulaya. Chukua saizi kubwa kidogo, na nunua jozi tatu, maana glovu ni kitu cha kuisha kama kandambili.

Sili ya lateksi niliyogundisha imebanduka

Wakati gani uligundisha? Mtu ananiambia jioni, mvua ya vuli imetoka kunyesha. Gundi ya namna hii ikikauka inavuta joto, na hewa ikiwa na unyevu mwingi umande mwembamba unatua juu yake usiouona, unabandika juu ya maji. Fanya saa nne hadi saa saba mchana, siku kavu, ndani penye hewa na sio upepo wa vumbi. Kwangua gundi yote ya zamani, piga msasa kidogo pande zote mbili, futa, paka gundi ya vikopo viwili iliyochanganywa kwa kipimo, subiri ikauke kama maelekezo yanavyosema, paka tena, ndo ubandike na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Alafu usiiguse hadi kesho yake, na sio kesho asubuhi.

Mkono wa kushoto

Niliahidi. Mwezi uliopita kijana mmoja kaja nyumbani Chumbageni na suti mkononi na uso wa msiba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, kuna nini?"

"Hizi sili wananiuzia feki mjomba. Nimebadilisha mara mbili mkono wa kushoto, nimebadili na glovu, bado nalowa."

Nikamuuliza fulana ilianza kulowa kifundoni ikapanda, au begani ikashuka. Akakaa kimya. Hajawahi kuangalia. Tukaweka chupa, tukaweka kopo, tukajaza hewa, povu la sabuni. Sili kimya, ringi kimya, zipu kimya. Nikapeleka brashi juu ya mkono pale kwenye valvu ya kutolea hewa, mapovu yakaanza kutoka kama sufuria ya maharage. Nikaizungusha nikaitoa, ndani kwenye kile kingozi chembamba palikuwa na manyoya ya nguo yake ya ndani na punje mbili za mchanga. Ile valvu ipo mkono wa kushoto juu, maji yakiingia hapo na mkono ukiwa umening'inia wakati wa kazi yanateremka moja kwa moja hadi kifundoni, ndo maana kila mtu anashitaki sili.

Tukaifua kwa maji ya bomba, tukaipuliza, tukairudisha. Akaniuliza zile sili mbili za zamani azifanyeje. Zote zilikuwa nzima kabisa. Nikampa poda, nikamwambia azipake, azifunge kwenye karatasi, azitunze za akiba.